Mwongozo Kamili wa Kuchora Nyumba ya Mkulima kwa Rangi ya Mafuta, kwa Kufuata Picha ya Kijiji cha Becquigny ya Théodore Rousseau

Mwaka 1857 mchoraji Théodore Rousseau alifika Becquigny, kijiji kidogo cha Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, na alichokiona hapo hakikumtoka moyoni mpaka alipofariki miaka kumi baadaye. Hapakuwa na kasri wala magofu ya kale. Palikuwa na njia ya udongo iliyonyooka mbele ya macho, majani mafupi kandokando yake, na nyumba za wakulima zilizoezekwa kwa mabua, zimekaa chini ya miti kana kwamba zimeota pamoja nayo. Picha aliyoichora kutokana na safari hiyo ina upana wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 63.5, imepakwa juu ya ubao wa mahogani, na leo imo katika mkusanyo wa Frick, jumba la sanaa jijini New York.

Nimeichagua picha hii iwe mwalimu wetu kwa sababu vitu vilivyomo ni vichache, na kila kimoja ni somo kamili: anga, paa, ukuta, mti, njia. Nimeichagua pia kwa sababu ya kisa kilichoipata. Rousseau aliifanyia kazi kwa miaka saba, akaipeleka katika maonyesho makuu ya Paris, yaliyoitwa Salon, mwaka 1864. Maonyesho yalipokaribia kabisa, akiwa amevutiwa mno na picha za chapa kutoka Japani, alilipaka anga upya lote kwa buluu kali inayong'aa kama johari. Watazamaji hawakuipenda, wahakiki waliishambulia, na baadaye yeye mwenyewe alilirudisha anga karibu na hali yake ya awali, kisha akaendelea kuigusagusa picha hiyo hadi mwisho wa uhai wake. Hakubadilisha nyumba, wala hakuhamisha mti. Alibadilisha anga peke yake, na picha nzima ikapoteza umoja wake, kwa sababu anga ndilo taa inayomulika kila kilicho chini yake. Jambo hilo moja ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata.

Ni vema msomaji ajue pia kwamba kuchora nyumba ya mkulima, yenyewe tu, lilikuwa jambo la ujasiri. Tangu mwaka 1817 Ufaransa ilikuwa na tuzo rasmi ya mandhari, lakini mandhari iliyotakiwa ilikuwa ya kihistoria, yenye mashujaa wa Ugiriki na Roma wakitembea chini ya miti iliyopangwa kwa ustadi. Rousseau alizaliwa Paris mwaka 1812, na tangu mwaka 1836 kazi zake zilikataliwa na Salon mwaka baada ya mwaka, hata akapewa jina la "mkataliwa mkuu". Alihamia Barbizon, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau, ambako mchoraji mwenzake Jean-François Millet naye alikuja kuishi mwaka 1849. Walichokuwa wanakitetea wachoraji hao ni kwamba paa la mabua lililopigwa na mvua kwa miaka ishirini linastahili kutazamwa kwa uangalifu uleule wanaotazamwa nao wafalme. Ukianza kazi hii bila kuliamini hilo, nyumba yako itaonekana kama pambo la kalenda.

Hatua ya kwanza: kutazama kabla ya kushika brashi

Tafuta nakala nzuri ya picha hiyo, yenye rangi zisizotiwa chumvi, na uiweke mbele yako kwa siku mbili au tatu bila kuchora chochote. Ikiwa unakusudia kuchora nyumba uliyoiona mwenyewe badala ya kuiga ya Rousseau, fuata utaratibu huohuo papo hapo ilipo nyumba. Fumba macho nusu, mpaka mambo madogomadogo yapotee na yabaki mapande makubwa ya mwanga na giza, kisha uyahesabu. Katika picha ya namna hii hayazidi matano au sita.

Chukua mkaa na karatasi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja, ujaze mapande hayo kwa toni tatu tu, yaani viwango vitatu vya mwanga na giza: nyeupe ya karatasi, kijivu, na nyeusi. Usichore dirisha, tawi wala mtu. Fanya hivyo mara nne au tano, ukisogeza mstari wa upeo, yaani pale anga linapoonekana kukutana na ardhi, juu kidogo au chini kidogo, mpaka upate mpangilio ambao hata mtu aliye upande wa pili wa chumba anatambua kuwa hapo pana nyumba, mti na njia. Mchoro ambao haueleweki ukiwa mdogo hivyo hautaeleweka ukiupanua.

Kuna mpangilio wa toni ambao maumbile yenyewe yanaupendelea, na ni vizuri kuukariri. Anga huwa na mwanga kuliko vyote, kwa kuwa mwanga unatoka humo. Ardhi iliyolala inaupokea mwanga huo moja kwa moja, kwa hiyo ni ya pili. Paa, ambalo limeinama, linapokea kwa sehemu, nalo ni la tatu. Mwishoni vinakuja vitu vilivyosimama wima, yaani miti na kuta za upande wa kivuli. Mtego mkubwa wa picha za nyumba uko hapa: ukuta uliopakwa chokaa tunajua kuwa ni mweupe, kwa hiyo mkono hukimbilia rangi nyeupe hata pale ukuta ulipo kivulini. Lakini ukuta mweupe ulio kivulini, ukiulinganisha na anga kwa macho yaliyofumbwa nusu, ni wa giza kuliko anga, na mara nyingi ni wa giza kuliko njia iliyo mbele yake. Mchoraji anayeyaamini macho yake kuliko ujuzi wake wa chokaa atapata nyumba iliyokaa ndani ya hewa, na asiyeyaamini atapata karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye mti.

Hatua ya pili: ubao na rangi ya msingi

Kwa uwiano wa picha ya Rousseau, ubao wa sentimita 38 kwa 60 unafaa sana. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha, mradi uso wake uwe laini na usio na mafundo. Isugue kwa msasa, ifute vumbi, kisha uipake jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia uso wa kuchorea, mara tatu, ukisugua kidogo kwa msasa mwembamba kila tabaka likikauka. Paka tabaka moja nyuma pia, kwa sababu ubao uliozibwa upande mmoja tu hupinda kwa unyevunyevu. Turubai nayo inafaa, ila ubao haulegei chini ya brashi, na kazi ya paa tutakayoifikia inahitaji uso mgumu unaopokea migusio midogo.

Usianze kuchora juu ya weupe mtupu. Changanya oka ya manjano (rangi ya udongo wa manjano) na kiasi kidogo cha siena iliyochomwa (rangi ya udongo wa kahawia nyekundu), uzimue kwa tapentaini, uipake kwa kitambaa mpaka ubao upate rangi ya udongo mwepesi. Acha ikauke siku mbili. Rangi hii ya msingi itachungulia hapa na pale katika kazi yote, hasa njiani na kwenye kuta, na ndiyo itakayoziunganisha sehemu za picha kama udongo ulivyoziunganisha nyumba zenyewe na ardhi iliyozizaa.

Hatua ya tatu: kuandaa rangi

Wachoraji wa kizazi cha Rousseau walinufaika na bomba la bati la kuhifadhia rangi, lililobuniwa na mchoraji Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, ambalo liliwawezesha kubeba rangi za mafuta porini bila kuzitia katika vibofu vya nguruwe kama zamani. Buluu ya kobalti ilikuwapo tangu mwanzo wa karne hiyo. Nyeupe yao ilikuwa ya risasi, yenye sumu, na hakuna sababu ya wewe kuitumia.

Paleti, yaani seti ya rangi, ninayoipendekeza ni hii: nyeupe ya titani, oka ya manjano, manjano angavu ya kadimi kwa kiasi kidogo, siena iliyochomwa, amba mbichi (kahawia ya udongo), nyekundu ya udongo, buluu ya kobalti, buluu ya ultramarini, na nyeusi ya mifupa. Rangi ya kijani haimo kwa makusudi, nami nitaeleza sababu tutakapofika kwenye miti. Ongeza mafuta ya kitani, tapentaini, brashi tatu bapa za manyoya magumu, brashi mbili za duara zenye ncha, na kisu cha kuchanganyia. Fanyia kazi mahali penye hewa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, kwa kuwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe; vitandaze vikauke au uvitie katika chombo cha bati chenye maji na kifuniko.

Sumu nyingine ya kukwepa, ingawa haiui mtu, ni bitumi. Wachoraji wengi wa karne ya 19 waliipenda rangi hiyo ya kahawia kwa joto na uwazi wake, bila kujua kwamba haikauki vizuri kamwe, na kwamba huzidi kuwa nyeusi na kupasukapasuka. Picha kubwa ya Rousseau ya ng'ombe wakishuka mlimani, ileile iliyokataliwa na Salon mwaka 1836, iko Uholanzi katika mkusanyo wa Mesdag ikiwa imefunikwa na giza kiasi kwamba sehemu kubwa yake haisomeki tena. Kila ninapofikiria kazi hiyo huhuzunika, maana mkono uliokuwa na subira ya miaka uliangushwa na rangi moja isiyofaa. Ukitaka kahawia yenye kina, changanya siena iliyochomwa na ultramarini.

Hatua ya nne: mchoro wa nyumba

Chora kwa brashi nyembamba na amba iliyozimuliwa, usitumie penseli. Weka kwanza mstari wa upeo, ambao ni usawa wa macho ya mtazamaji aliyesimama njiani. Katika picha ya kijiji cha ardhi tambarare unafaa ukae chini ya nusu ya ubao, ili anga lipate nafasi yake. Weka juu ya mstari huo nukta ambako kingo za njia zinakutana, iitwayo nukta ya kutoweka. Mistari yote ya nyumba inayokwenda sambamba na njia, iwe ya kilele cha paa, ya upenu, au ya chini ya ukuta, itaelekea nukta hiyohiyo: iliyo juu ya macho inashuka, iliyo chini ya macho inapanda.

Hilo likishawekwa sawa, lilegeze kidogo. Paa la mabua halina mstari ulionyooka. Makombamoyo hupinda kwa uzito wa miaka, kilele hubonyea katikati kama mgongo wa farasi mzee, na upenu hunepa juu ya mlango. Ukichora mistari ya rula, unakuwa umechora bati.

Chora paa kabla ya ukuta. Paa la mabua lazima liwe na mteremko mkali, wa nyuzi 45 au zaidi, ili maji yakimbie kabla hayajapenya, na kwa hiyo paa huwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyumba nyingi za mashambani za kaskazini mwa Ufaransa, ukimtazama mkulima aliyesimama mlangoni, ukuta unampita kwa kiasi kidogo tu, ilhali paa lililo juu yake linaweza kuzidi kimo cha ukuta wenyewe. Anayeanza na ukuta humaliza nafasi, kisha hulazimika kuliminya paa, na nyumba inageuka kuwa ya mjini.

Hatua ya tano: tabaka la kwanza la toni

Kwa amba na tapentaini pekee, paka mapande yale ya giza uliyoyapanga kwa mkaa. Pale penye mwanga, futa kwa kitambaa mpaka rangi ya msingi ionekane. Saa moja inatosha. Iache ikauke hadi siku inayofuata. Kuanzia hapa shika kanuni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu yake, kwa sababu tabaka lenye mafuta mengi huchelewa kukauka, na likiwekwa chini litaendelea kusogea huku la juu limekwisha kushika, nayo picha itapasuka.

Hatua ya sita: anga

Hapa ndipo pa kukaa. Watu wengi huliacha anga mpaka mwisho, wakilichukulia kuwa nafasi iliyobaki baada ya nyumba na miti, na kwa namna fulani hilo ndilo lililomponza hata bwana mkubwa kama Rousseau alipolibadilisha kazi ilipokuwa imeiva. Yeye alikuwa na sababu tukufu, kwani zile chapa za Japani zilikuwa zimemwonyesha buluu ambayo Ulaya haikuwa ikiithubutu. Lakini katika chapa ya Japani buluu hiyo inakaa pamoja na rangi nyingine zilizotandazwa bila vivuli, zote zikiongea lugha moja. Katika kijiji cha Picardie kila bua la paa na kila jani la nyasi lilikuwa tayari limepakwa kwa mwanga wa anga jingine, la upole na lenye ukungu mwepesi. Buluu kali ilipokuja juu yake, ardhi ikabaki ikimulikwa na taa ambayo haipo.

Basi amua anga kwanza, uliandike kwa maneno kabla ya kulichora: ni saa ngapi, jua liko upande gani, mawingu ni mazito au mepesi. Pierre-Henri de Valenciennes, aliyechapisha mafunzo yake ya uchoraji wa mandhari mwaka 1800, aliwashauri wanafunzi wasikae juu ya mchoro mmoja wa nje zaidi ya saa mbili, na wakati wa kuchomoza au kutua kwa jua wasizidi nusu saa, kwa sababu mwanga haumsubiri mtu. Ushauri huo haujazeeka. Toka nje kwa siku tano mfululizo, saa ileile, na kipande kidogo cha ubao, uchore anga peke yake na ukanda mwembamba wa ardhi chini yake. Kati ya michoro hiyo mitano utachagua mmoja, na huo ndio utakaotawala.

Kwenye ubao wako mkubwa, changanya mirundo mitatu. Rundo la juu liwe buluu ya kobalti, nyeupe nyingi, na chembe ya nyekundu ya udongo ili buluu isipige kelele. La katikati liwe na nyeupe zaidi na kobalti kidogo. La chini, karibu na upeo, liwe nyeupe yenye oka kidogo sana, maana karibu na ardhi tunatazama kupitia hewa nyingi zaidi, nayo rangi hupauka na kupata joto. Paka kwa brashi bapa, mipigo mifupi inayokatana, kuanzia chini kwenda juu, na uziunganishe rangi zikiwa mbichi. Pitisha anga ndani ya mipaka ya miti na ya paa, usiishie pembezoni mwake, ili baadaye majani na mabua yapakwe juu ya anga, yaonekane yamezungukwa na hewa.

Mawingu nayo yanafuata nukta ya kutoweka: ya juu ni makubwa na yana nafasi kati yake, ya karibu na upeo ni membamba na yamesongamana. Upande wa chini wa wingu si wa buluu, ni kijivu chenye joto, kwa sababu unapokea mwanga unaorudishwa na mashamba. Kabla ya kuosha brashi, chukua kisu na ukusanye mabaki ya mirundo ile mitatu katika chombo kidogo chenye kifuniko. Utayahitaji kesho kwa ajili ya paa.

Hatua ya saba: paa

Mabua ya rai, nafaka inayofanana na ngano, na ya ngano yenyewe yakiezekwa upya huwa na rangi ya dhahabu. Baada ya misimu michache ya mvua na barafu hugeuka kijivu, na baada ya miaka mingi kuvu ya kijani huanza kutambaa, hasa upande ambao jua haliufikii. Kwa hiyo paa la zamani lina rangi tatu kwa wakati mmoja, na zote zimefunikwa na rangi ya nne ambayo wengi hawaioni, yaani rangi ya anga. Kipaa kinachotazama juu kinapokea anga kama maji yaliyotulia yanavyolipokea, ila kwa ukimya zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya yale mabaki uliyoyahifadhi.

Nilipojaribu paa kwa mara ya kwanza nilichora bua mojamoja kwa siku nne, na nilichopata kilikuwa ufagio. Njia iliyonifaa baadaye ni ya matabaka matatu. Kwanza, paka pande zima la paa kwa rangi moja ya kati, iliyotokana na amba, oka na nyeupe, bila alama yoyote. Ikiwa bado mbichi, ingiza kijivu cha anga katika theluthi ya juu na uache sehemu ya chini iwe na joto zaidi. Subiri siku tatu au nne. Tabaka la pili ni la rangi iliyo kavu: chukua brashi ngumu, ipunguze rangi kwa kuifuta kwenye kitambaa, kisha uikokote kufuata mteremko wa paa, ili rangi ishike kwenye vilele vya tabaka la chini tu. Hapa mabua yanajitokeza yenyewe bila kuchorwa. Tabaka la tatu ni la brashi ya ncha, nalo liwe la uchoyo: mistari michache pale upenu unapokatwa na mwanga, viraka vya kijani kilichofifia mahali penye kuvu, na nyufa mbili tatu za giza ambako mabua yamebonyea. Rousseau alipenda migusio midogo iliyorudiwarudiwa, na ukiikaribia picha yake utaona brashi ikichora kana kwamba ni kalamu. Lakini kila mgusio unakaa juu ya pande kubwa lililokwisha kuwa sahihi.

Ukingo wa upenu ndio unaoleta uzito. Mabua yamepangwa kwa unene wa karibu sentimita 30, kwa hiyo upenu una uso wake, ulio na giza kuliko kipaa, na chini yake kuna kivuli kinachoangukia ukutani. Chora kivuli hicho kwa ultramarini na siena iliyochomwa, kiwe laini upande wa chini na kikali upande wa juu. Kikiwekwa vizuri, paa lote linaonekana kukalia nyumba.

Hatua ya nane: kuta, mlango na dirisha

Kuta za nyumba hizi zilijengwa kwa fremu ya mbao iliyozibwa kwa udongo uliochanganywa na mabua, kisha kupakwa chokaa, ujenzi ambao yeyote aliyeishi katika nyumba ya fito na udongo ataufahamu bila kuelezwa. Chokaa hubanduka chini, mahali mvua inaporuka kutoka ardhini, na hapo udongo huonekana. Acha rangi yako ya msingi ifanye kazi hiyo: paka ukuta kwa nyeupe iliyotiwa oka na kijivu, ukipunguza unene wa rangi unapokaribia ardhi mpaka udongo wa chini uchungulie.

Madirisha yawe machache na madogo. Baridi ni sababu mojawapo, lakini iko nyingine: kuanzia mwaka 1798 hadi mwaka 1926 serikali ya Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha, na familia nyingi maskini ziliishi katika giza kwa kukwepa mzigo huo. Mlango uliofunguliwa uwe wa kahawia nzito yenye uwazi, wala usitumie nyeusi tupu, kwa sababu ndani ya nyumba kuna hewa na pengine makaa ya moto, na nyeusi huonekana kama shimo kwenye ubao.

Hatua ya tisa: miti na nyasi

Changanya kijani chako mwenyewe. Ultramarini na oka hutoa kijani cha udongo kinachofaa majani ya mbali. Nyeusi na manjano ya kadimi hutoa kijani cha zeituni cha ajabu. Kobalti na kadimi hutoa kijani angavu cha nyasi zilizo karibu. Kwa kuwa vyote vimezaliwa na rangi ambazo tayari zimo katika anga na paa, havitagombana navyo, jambo ambalo kijani cha bomba hulifanya mara nyingi. Paka kwanza kivuli kizima cha mti, kisha mwanga, na hatimaye rudi na rangi ya anga kufungua matundu kati ya majani. Matundu hayo yawe na giza kidogo kuliko anga lenyewe, kwa kuwa mwanga hupungua unapopita katika upenyo mdogo.

Hatua ya kumi: njia na watu

Njia ibaki rahisi. Mbele iwe na joto na rangi nene, mbali ipauke na kuwa nyembamba, na alama za magurudumu zielekee nukta ileile ya upeo. Mtu mmoja anatosha, na kama ardhi ni tambarare, kichwa cha mtu mzima aliyesimama popote kitagusa mstari wa upeo, awe karibu au mbali. Mpe toni ya giza na chembe moja ya nyekundu au nyeupe, kisha umwache.

Hatua ya mwisho: kusawazisha, na kuacha

Igeuzie picha ukutani kwa wiki moja. Ukiirudia, itazame kwenye kioo, maana makosa ya toni hujitokeza picha inapopinduliwa. Rekebisha kwa tabaka jepesi la rangi iliyotiwa mafuta ya kitani: kijivu cha anga juu ya miti ya mbali iliyokuja mbele mno, siena iliyochomwa yenye uwazi juu ya ardhi iliyopoa mno. Ukiona hamu ya kubadilisha anga imekujia sasa, jiulize kama uko tayari kulipaka paa upya, na ukuta, na njia. Ikiwa uko tayari, anza. Ikiwa hauko tayari, chukua ubao mwingine na ulichore anga hilo jipya pamoja na nyumba yake.

Saini kwa rangi iliyomo tayari katika picha, chini pembeni. Iache ikauke kwa miezi sita hadi kumi na miwili mahali penye mwanga wa kawaida, kwani mafuta ya kitani yakikaushwa gizani hugeuka manjano. Baada ya hapo ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, ilaze juu ya meza, na uipake vanishi nyembamba kwa brashi pana, ukianzia tena na anga.